Yamaha HS5 katika chumba kidogo cha Sakina: tathmini baada ya miezi 14

Mwaka juzi nilirekodi nyimbo nane za kwaya ya usharika mmoja wa hapa Arusha, nikazichanganya nyumbani kwa kutumia sabufa iliyokuwa redio ya sebuleni, nikaridhika nazo kabisa, kisha nikamkabidhi mwalimu wa kwaya kwenye flashi. Jumapili jioni akanipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba hakuzunguka: “Mwanangu, wazee wangu wa sauti ya nne umewapeleka wapi?” Nilikwenda kanisani kusikiliza kwa spika zao, na kweli, besi walisikika kama watu wanaoimba wakiwa nje ya mlango. Chanzo kilikuwa rahisi kukieleza, ingawa kukirekebisha kulinichukua wiki mbili: sabufa ile ilikuwa inaongeza sauti nene, na kila ilipoongeza, mimi nilipunguza. Nilikuwa nairekebisha redio ya sebuleni huku nikidhani ninaurekebisha wimbo.

Kwa sababu ya simu ile nilinunua jozi ya spika za studio za Yamaha HS5, na sasa nimefanya nazo kazi kwa miezi 14 katika chumba changu cha Sakina, pembeni mwa barabara ya Namanga. Zimepitiwa na kwaya, mahubiri, matangazo ya biashara na mistari ya vijana wa hip hop. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wenye studio za chumba kimoja, kwa kuwa wengi wao hunijia na swali lilelile, yaani kama spika hizi “zina besi”. Naona swali hilo linaanzia mahali pasipofaa. Spika ya studio ni chombo cha kupimia, kama mizani ya dukani au timazi ya mwashi, na mwashi haulizi kama timazi yake inapendeza, bali huuliza kama inaonyesha wima.

Kila HS5 ina wufa (kipaza cha sauti nene) ya inchi 5 yenye koni nyeupe na twita (kipaza cha sauti nyembamba) ya kuba ya inchi 1, ndani ya kasha la MDF, yaani mbao za unga uliogandamizwa, lenye upana wa milimita 170, kimo cha milimita 285 na kina cha milimita 222. Uzito wake ni kilo 5.3. Nautaja uzito kwa makusudi, kwa sababu niliwahi kuuziwa, katika duka ambalo sitalitaja, spika za aina nyingine zilizokuwa na maandishi makubwa kwa mbele, na nilipozifungua nikakuta sumaku isiyozidi kizibo cha chupa ya chai. Safari hii, kabla ya kumalizia malipo, nilimwomba muuzaji tuzitoe kwenye maboksi na kuzipeleka hadi soko la Kilombero, kwenye mizani ya mama mmoja anayeuza maharage. Mshale ulisimama mahali palepale kwa zote mbili, kilo tano na ushei. Sumaku nzito na mbao nene haziwezi kuigizwa kwa rangi wala kwa nembo, na kasha zito lina faida yake ya kiufundi: likiwa jepesi hutetema pamoja na koni, na likitetema linaongeza sauti yake juu ya ile uliyorekodi. Nikipiga ngoma ya kwaya kwa sauti ya kazi na kuweka kiganja ubavuni mwa kasha la HS5, nasikia mtetemo hafifu tu, ilhali nyuma yake, kwenye tundu la hewa, upepo unapuliza vidole.

Ndani yake kuna amplifaya mbili, moja ya wati 45 kwa ajili ya wufa na nyingine ya wati 25 kwa ajili ya twita. Mpangilio huu ndio unaozitofautisha spika za aina hii na zile za nyumbani tulizozoea, ambazo hupokea umeme ulioshakuzwa na amplifaya ya nje na kuugawa kwa koili na kapasita kabla ya kuufikisha kwenye koni. Katika HS5 mgawanyo unafanyika mapema, mawimbi yakiwa bado madogo: yaliyo chini ya 2 kHz (yaani 2,000 Hz, mitetemo 2,000 kwa sekunde) yanapelekwa kwa amplifaya ya wufa, yaliyo juu yake yanapelekwa kwa amplifaya ya twita, na kila amplifaya inaishika koili yake moja kwa moja bila kitu katikati. Faida yake inasikika hasa pigo linapokwisha. Koni iliyosukumwa huwa na hamu ya kuendelea kucheza, na amplifaya iliyoungana nayo kwa karibu huizuia vizuri zaidi kuliko ile inayolazimika kupitia waya mrefu uliozungushwa kwenye koili ya kugawia. Aidha, mhandisi anayejua ni amplifaya gani itakutana na koni gani anaweza kusawazisha upungufu wa koni hiyo kiwandani, jambo ambalo mtu anayenunua spika huku na amplifaya kule hawezi kulifanya.

Kwa nini mpaka uwe 2 kHz na si kwingine? Hapa pana jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote katika ufundi wa spika. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde katika hewa ya nyuzi joto 20, kwa hiyo wimbi la 2 kHz lina urefu wa sentimita 17, na koni ya inchi 5 ina upana wa chini kidogo ya sentimita 13. Maadamu wimbi ni refu kuliko koni, sauti inatawanyika pande zote kwa wepesi. Wimbi linapokuwa fupi kuliko koni, sauti inaanza kwenda mbele tu kama mwanga wa tochi, na msikilizaji aliyekaa pembeni anaikosa. Kwa hiyo wufa inaachia kazi mapema, kabla haijawa tochi, na twita yenye upana wa sentimita mbili na nusu inapokea. Tatizo la pili linazaliwa papo hapo: twita ni ndogo mno, hivyo mwanzoni mwa eneo lake ingetawanya sauti kwa upana kuliko wufa inayoiachia kazi, na pale mpakani rangi ya sauti ingebadilika ghafla kwa kila aliye pembeni. Ndiyo maana twita ya HS5 imewekwa ndani ya bakuli jembamba lililochongwa kwenye uso wa kasha, ambalo huikusanya sauti yake ilingane na ya jirani. Wanunuzi wengi wanalipita bakuli hilo wakidhani ni pambo. Mimi nililijaribu kwa kucheza sauti ya mhubiri mmoja na kutembea taratibu kutoka kiti changu hadi kwenye kitanda kilicho kando, sehemu wanayokaa wasanii. Sauti ilipungua ung'avu kidogo, lakini mhubiri alibaki kuwa mtu yuleyule.

Tundu la nyuma nalo linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo linalobeba mjadala wote wa besi. Ukipuliza juu ya mdomo wa chupa ya soda, chupa inatoa sauti moja nene: hewa iliyo shingoni inafanya kazi kama uzito, na hewa iliyo tumboni kama springi. Kasha lenye tundu ni chupa ya namna hiyo, na mhandisi huchagua urefu na upana wa shingo ili chupa iitike pale ambapo koni inaanza kuchoka. Kwa njia hiyo spika ndogo inashuka chini zaidi ya uwezo wa koni yake peke yake. Gharama yake ni mbili. Chini ya masafa hayo ya mwitiko, yaani idadi ya mitetemo ambayo chupa huiitikia, sauti ya kasha lenye tundu huporomoka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 24 kwa kila oktavo, yaani kila mitetemo inapopungua kwa nusu, wakati kasha lililofungwa huporomoka kwa 12. Na chupa ikishaitika, haikomi saa ileile koni inapokoma. Kwa takwimu za Yamaha wenyewe, HS5 inafika 74 Hz ikiwa imepungua desibeli 3, na 54 Hz ikiwa imepungua desibeli 10. Chini ya hapo usitegemee kitu.

Koni nyeupe inawakumbusha wengi spika ya zamani ya kampuni hiyohiyo, NS-10, na wauzaji hupenda kusema kwamba hii ni ileile iliyorudi. Si kweli, na tofauti zake zinafundisha. NS-10 ilitoka mwaka 1978 ikikusudiwa kuwekwa kwenye rafu za nyumbani, haikupendwa sana huko, kisha mafundi wa studio wakaipandisha juu ya meza zao za kuchanganyia sauti hadi ikawa kifaa cha kawaida cha kazi duniani kote, baadhi yao wakifunika twita kwa karatasi laini ili kupunguza ukali. Wufa yake ilikuwa ya sentimita 18, kasha lake lilifungwa bila tundu lolote, na ilihitaji amplifaya ya nje. Sauti yake haikuwa sawia hata kidogo, kwani katikati ilikuwa imenyanyuka na chini ilikuwa pungufu, lakini ilikoma haraka pigo lilipokoma, na fundi alipofanikiwa kuufanya wimbo usikike vizuri humo, ulisikika vizuri karibu kila mahali. Uzalishaji wake ulisimama mwaka 2001 kwa sababu malighafi ya karatasi ya koni ilikuwa haipatikani tena. Mwaka uleule wa 1978, huko Iisalmi nchini Finland, ilianzishwa kampuni ya Genelec, iliyoanza kwa kuunda spika yenye amplifaya zake ndani kwa ajili ya redio ya taifa ya nchi hiyo. HS5, iliyoingia sokoni mwaka 2013, imerithi kutoka pande zote mbili: sura na msisitizo wa sauti ya kati umetoka kwa NS-10, ila mifupa yake, yaani amplifaya mbili za ndani na mgawanyo wa mapema, ni ya ukoo ule wa pili.

Sasa niingie chumbani, maana spika haisikiki peke yake. Chumba changu kina urefu wa mita 3.4, upana wa mita 2.9 na kimo cha mita 2.6 hadi kwenye dari ya jipsamu. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa plasta, na juu ni bati, kwa hiyo wakati wa masika hakuna kurekodi mvua inaponyesha. Kila chumba chenye kuta ngumu kinazo noti zake ambazo hukataa kunyamaza, nazo ni zile ambazo nusu ya wimbi lake inaenea sawasawa kati ya kuta mbili. Gawanya 343 kwa mara mbili ya urefu wa chumba, utapata noti ya kwanza. Kwangu ni 50 Hz kwa urefu, 59 kwa upana na 66 kwa kimo, zote tatu zimebanana sehemu moja. Vyumba vingi vya kupanga mjini hapa, kuanzia Sakina hadi Kijenge na Moshono, havitofautiani sana na hicho, kwa hiyo hesabu yangu inaweza kuwa yako pia. Wapo wanaodhani kwamba mwinuko wa Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, unabadilisha hesabu hii kwa kuwa hewa ni nyepesi. Mwendo wa sauti unafuata joto la hewa, si mwinuko, na hata baridi ya Julai huusogeza kwa kiasi kidogo mno.

Noti hizo tatu ndizo sababu ya mimi kutochukua HS8, ndugu mkubwa mwenye wufa ya inchi 8 anayeshuka hadi 38 Hz, ingawa fedha zingetosha. Spika inayotoa 50 Hz kwa nguvu ndani ya chumba kinachong'ang'ania 50 Hz inakuletea uvumi unaojaza kona zote na kufunika ngoma inayofuata, kisha unaanza kupunguza besi ya wimbo ili kutibu ugonjwa wa chumba, na umerudi palepale kwenye simu ya mwalimu. HS5 inafika katika eneo hilo ikiwa imeshapunguza sauti yake kwa kiasi kikubwa, hivyo haiziamshi noti hizo kama ambavyo kubwa ingefanya. Rafiki yangu mmoja mwenye chumba kinachofanana na changu alinunua spika za inchi 8 za kampuni nyingine, na tulipocheza wimbo mmoja kwangu na kisha kwake, kwangu niliweza kuhesabu mapigo ya kiki, ile ngoma nene ya chini, moja moja, wakati kwake yalikuwa yameshikana kama uji. Spika zake si mbaya. Zinadai chumba ambacho hana.

Hata hivyo chumba hakikuniacha salama. Katika wiki ya kwanza niliziweka juu ya meza, zikiwa zimeegemezwa karibu na ukuta wa mbele, uso wa kila spika ukiwa sentimita 42 kutoka ukutani. Nikafungua ule mradi wa kwaya uliotangulia kunitia aibu. Alto waliposhuka kwenye noti yao ya chini, so iliyo chini ya do ya kati, walififia, kisha wakarudi walipopanda noti moja tu. Nilijaribu kila sikio, nikabadilisha spika ya kushoto na kulia, nikasikiliza kwenye hedifoni, na huko alto walikuwa wazima. Ndipo nilipochukua tepu ya fundi. Sauti inayotoka mbele ya spika huzunguka pia kurudi nyuma, inagonga ukuta na kurejea. Ikiwa umbali hadi ukutani ni robo ya wimbi, inaporejea inakuwa imechelewa kwa nusu ya wimbi na inaifuta iliyotoka mbele. Robo ya wimbi yenye sentimita 42 ni ya 204 Hz, na noti ile ya alto ni 196. Nilifurahi kama mtu aliyeokota funguo alizozitafuta wiki nzima, kwa sababu tatizo lenye kipimo lina dawa.

Dawa yangu ilikuwa sufi. Nilinunua sufi ya kujazia mito, nikaishindilia kwenye magunia mawili yaliyoshonwa kwa fremu za mbao zenye unene wa sentimita 15, nikayaning'iniza nyuma ya spika nikiacha nafasi kati ya gunia na ukuta. Nyuzi laini na nyingi za namna ile hupunguza nguvu ya hewa inayopita kati yake. Alto walirudi, si wote, ila kwa kiasi ambacho sasa naweza kuwaamulia kwa haki. Nataja jambo hili kwa kirefu kwa sababu bado naingia kwenye studio zenye kuta zilizobandikwa trei za mayai kutoka chini hadi juu, na wenyeji wake wanaamini wamemaliza kazi. Trei ina kina cha sentimita nne au tano na imetengenezwa kwa karatasi nyembamba. Inaweza kuvunja kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, lakini wimbi la 200 Hz lina urefu wa mita 1.7 na haliijui trei. Matokeo yake chumba kinakuwa kizito juu na chenye fujo chini, na spika ndiyo inayolaumiwa.

Nyuma ya HS5 kuna swichi mbili. Moja inapunguza masafa yaliyo chini ya 500 Hz kwa desibeli 2 au 4, kwa ajili ya spika iliyo karibu na ukuta au kona, na nyingine inapandisha au kushusha masafa ya juu ya 2 kHz kwa desibeli 2. Nimeweka ya kwanza kwenye 2 na ya pili nimeiacha katikati. Swichi hizi zinasaidia pale ukuta unapokuza sauti nene kwa ujumla; shimo kama lile la alto haziwezi kulifukia, wala kisawazishi cha kompyuta hakiwezi, kwa kuwa kila unachoongeza mbele ndicho kinachoongezeka nyuma na kufutana tena. Spika zangu na kiti changu vimepangwa kwenye pembetatu yenye pande za mita 1.1, twita zikiwa usawa wa masikio, ili sauti ya moja kwa moja inifikie kwa nguvu kuliko ile iliyokwisha gonga kuta.

Kuhusu umeme, soma lebo ya nyuma kabla ya kuchomeka, kwa sababu spika zilizoletwa kutoka Marekani hutengenezwa kwa volti 120 na zetu ni 230. Mimi nimezipitisha kwenye stebilaiza, na kompyuta, kadi ya sauti na spika zote nimezichomeka kwenye ekstensheni moja, kwani zilipokuwa kwenye soketi za kuta mbili tofauti zilikuwa zinanguruma kwa 50 Hz. Tumia kebo za XLR, zile za plagi yenye pini tatu. Kebo ya namna hiyo hubeba wimbi mara mbili, la pili likiwa limegeuzwa, na spika inapoligeuza tena na kuyajumlisha, kelele zilizoingia njiani kwa waya zote mbili zinafutana. Nilipotumia kebo ya gitaa kwa siku mbili nikisubiri nyingine, kila simu iliyokuwa inataka kuita ilijitangaza kwanza kwenye twita.

Zinasikikaje basi? Sauti ya kati iko mbele, karibu na uso wako, na haina huruma. Mwimbaji aliyekaribia mno maikrofoni utamjua, na ukikata pumzi vibaya katika kuhariri utapasikia. Besi wa kwaya, ambao noti yao ya chini kabisa kwa kawaida ni mi ya 82 Hz, wote wamo ndani ya uwezo wa spika hizi, kwa hiyo kwa mtu ambaye kazi yake kubwa ni kwaya, HS5 haimnyimi chochote cha lazima. Kwa hip hop ya hapa nazipenda hata zaidi. Huu ni mji wa makundi ya X Plastaz na Weusi, ambako msanii hupimwa kwanza kwa mistari yake, na wasikilizaji wake wanamsikia kwenye simu, kwenye redio ya bodaboda na kwenye spika mbili zilizochoka za kifodi (daladala ndogo) kinachotoka Ngaramtoni. Hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivyo chenye besi ya maana. Neno likisikika wazi kwenye HS5 linasikika wazi kwenye kifodi, na hilo nimelihakikisha nikiwa nimekaa kiti cha nyuma, dereva akiwa ameniruhusu kuweka flashi yangu.

Pale zinapoishia ni kwenye gitaa la besi na kiki za kisasa. Waya mnene wa gitaa hilo ukipigwa wazi unatoa 41 Hz, na spika hizi hazina noti hiyo. Unachosikia ni 82, mwenzake wa oktavo ya juu, na ubongo unaikamilisha iliyobaki. Kwa hiyo unaweza kujua kama mpigaji amekosea noti, lakini huwezi kujua kama chini kuna mrundikano. Kazi hiyo naifanya kwa hedifoni, na kabla ya kukabidhi wimbo wowote wenye kiki nzito ninausikiliza kwa rafiki yangu mwenye zile za inchi 8. Anayetengeneza biti za kuchezea kumbini asinunue HS5 peke yake, na anayetafuta spika ya sherehe asizinunue kabisa, kwani ukizikaza sana koni inaanza kulalamika wazi.

Wala hakuna sababu ya kuzikaza. Tangu utafiti wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 inajulikana kwamba sikio la mwanadamu husikia sauti nene na nyembamba vibaya zaidi sauti inapokuwa ndogo, na kwamba uwiano huo hubadilika kadiri unavyoongeza. Fundi anayepandisha na kushusha sauti siku nzima anabadilisha kipimo huku akipima. Nimeweka alama ya kalamu kwenye kitufe cha kadi ya sauti, kiwango ambacho watu wawili waliokaa kwenye kitanda kile wanaweza kuzungumza bila kupaza sauti, na hapo ndipo ninapofanyia maamuzi yote.

Wanaolinganisha bei watakutana mara nyingi na JBL 305P MkII, nayo ya inchi 5, inayoshuka hadi 43 Hz kwa kipimo kilekile cha desibeli 10 na yenye bakuli la twita kubwa zaidi linalotawanya sauti kwa upana. Kwa anayekaa na wateja wawili watatu mbele ya meza, hiyo ina hoja nzuri. Mimi hukaa peke yangu, na katika chumba changu besi hiyo ya ziada ingeamsha 50 Hz niliyotaka ilale, hivyo nilichagua sauti ya kati iliyo kali zaidi. HS5 huuzwa moja moja, basi mtu anapoambiwa bei dukani aulize kama ni ya moja au ya jozi, na atenge fedha ya kebo mbili na ya sufi.

Mwezi uliopita mwalimu alirudi na kwaya yake kwa nyimbo nyingine sita. Safari hii alikaa nami kitini hadi mwisho, akanyamaza kwenye wimbo wa tatu, akainua kidole akinionyesha spika ya kulia: “Huyo ni mzee wa mstari wa nyuma, anachelewa kuingia. Nitamwambia Jumatano.” Mimi nilikuwa sijamwona.